Makoti Meupe Kando ya Kitanda: Wanafunzi wa Udaktari Hujifunza Nini Katika Wadi ya Upasuaji wa Ubongo?

Jamaa anayeingia asubuhi katika wadi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo huenda akakuta kitanda cha mgonjwa wake kimezungukwa na watu wanane au kumi wenye makoti meupe. Mmoja anammulika macho kwa tochi ndogo. Mwingine anamwita jina kwa sauti ya juu, na asipoitika anamfinya begani au kumbonyeza ukucha kwa kalamu. Wa tatu anasoma namba kutoka kwenye karatasi huku daktari bingwa akimkatiza kwa maswali. Mama aliyekesha nje akisubiri saa ya kuona wagonjwa hutazama haya yote na kujiuliza: je, mtoto wangu anafanyiwa majaribio?

Swali hilo huulizwa sana na wakazi wa Uasin Gishu, kwa sababu Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, MTRH, iko papa hapa jijini Eldoret. Hospitali hiyo, iliyoanza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo tu ukilinganisha na ilivyo leo, iko chini ya serikali ya kitaifa na ndiyo wanakofundishiwa wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi. Hospitali nyingine za umma katika kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti, kama Katiba ya 2010 ilivyogawa majukumu ya afya.

Jibu ni kwamba mwanafunzi hampasui mtu kichwa. Yuko pale kujifunza jambo moja ambalo litamhusu mkazi wa kaunti hii moja kwa moja miaka michache baadaye: kumtambua mapema mgonjwa ambaye ubongo wake uko hatarini.

Madaktari bingwa wa ubongo ni wachache na wako katika hospitali kubwa. Ajali ya pikipiki haichagui mahali. Ikitokea saa nane za usiku kule Moiben au Ainabkoi, majeruhi atapokewa kwanza na afisa wa kliniki au daktari wa kawaida katika hospitali iliyo karibu. Daktari huyo huenda ni mwanagenzi aliyemaliza chuo mwaka huo huo na anayetumikia mwaka wake wa kwanza kazini chini ya usimamizi. Anachokijua kuhusu kichwa kilichoumia ni kile alichookota katika wiki chache alizokaa kwenye wadi ile, akiwa amesimama nyuma ya wenzake kando ya kitanda cha mtoto wa mtu mwingine.

Asubuhi ya mwanafunzi

Masomo ya udaktari huchukua miaka sita. Upasuaji wa ubongo hauna muhula wake mrefu. Huwa ni kipande kifupi ndani ya zamu ya upasuaji. Wanafunzi wengi huingia wakiwa na woga, kwani mishipa ya fahamu ni somo ambalo liliwatoa jasho darasani.

Siku huanza kabla ya raundi. Mwanafunzi hupewa wagonjwa wake wawili au watatu. Hufika mapema, humuuliza muuguzi kilichotokea usiku, husoma faili, kisha humpima mgonjwa mwenyewe: fahamu, mboni za macho, nguvu za mikono na miguu, joto la mwili, kidonda, na kiasi cha majimaji yaliyotoka kwenye mrija. Raundi ikianza, anatakiwa kueleza yote hayo kwa dakika mbili au tatu, bila kusoma kila neno. Akisema "mgonjwa anaendelea vizuri", ataulizwa: vizuri kuliko lini?

Wanaomzunguka wana ngazi zao. Juu yuko daktari bingwa. Chini yake kuna madaktari waliokwisha kuhitimu ambao sasa wanasomea ubingwa, safari ya miaka isiyopungua mitano. Kisha kuna wanagenzi, na chini kabisa wanafunzi. Muuguzi mkuu wa wadi hayumo katika ngazi hiyo, lakini mwanafunzi mwerevu hujua siku ya kwanza kwamba ndiye mwalimu wake wa karibu. Muuguzi ndiye amekaa na mgonjwa usiku kucha.

Kile kitendo cha kufinya

Kitendo kinachowaudhi jamaa kuliko vyote ni kile cha kumfinya mgonjwa asiyejitambua. Kinaonekana kama ukatili. Ukweli ni kwamba ndicho kipimo muhimu kuliko vyote katika wadi ile, na hakihitaji mashine wala umeme.

Kipimo hicho kilichapishwa mwaka 1974 na madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Uskoti: Graham Teasdale na Bryan Jennett. Mgonjwa hupewa alama katika mambo matatu. Macho: je, anafumbua mwenyewe, akiitwa, akiumizwa, au hafumbui kabisa? Hapo alama ya juu ni 4. Maneno: anaongea kwa akili timamu, anachanganya mambo, anatoa neno mojamoja lisilo na maana, anaguna tu, au kimya? Alama ya juu ni 5. Viungo: anatii akiambiwa inua mkono, anausogeza mkono kuelekea panapouma, anaukwepesha tu, anakunja, ananyoosha, au hafanyi lolote? Alama ya juu ni 6. Jumla ya mtu mzima wa afya ni 15. Ya chini kabisa ni 3, si sufuri. Mwenye 8 au chini ya hapo ana jeraha kubwa la ubongo, na huenda asiweze hata kulinda njia yake ya kupumua.

Mwanafunzi hurudia kipimo hiki mpaka kinamwingia. Hufundishwa pia kwamba alama moja peke yake haisemi mengi. Kinachosema ni mwendo wake. Mgonjwa wa 14 saa mbili asubuhi akifika 11 saa nne, kuna kitu kinatokea ndani ya fuvu hata kama anapumua vizuri na jamaa wanadhani amepata usingizi mnono. Ndiyo maana anaamshwa kila mara. Ndiyo maana anafinywa.

Fuvu la mtu mzima ni kama sanduku la mfupa lisilopanuka. Ndani yake takriban asilimia 80 ni ubongo, 10 ni damu, na 10 ni maji yanayouzunguka. Damu ikivujia humo, au ubongo ukivimba, lazima kitu kingine kipungue. Mwanzoni mwili hujitahidi: husukuma maji na damu nje kidogo, na mgonjwa huonekana sawa. Nafasi ikiisha, hali hubadilika kwa dakika chache. Mboni moja hupanuka na kuacha kusinyaa kwenye mwanga. Hapo ubongo umeanza kubanwa kuelekea chini, na muda uliobaki ni mdogo.

Kuna aina ya jeraha ambayo walimu huirudia sana. Mtu hugongwa kando ya kichwa, huzimia kidogo, kisha huamka. Anaongea, anaomba maji, pengine hata anakataa kwenda hospitali. Saa chache baadaye analegea na kusinzia. Mshipa wa damu ulio chini ya mfupa wa upande wa kichwa umepasuka na donge la damu linakua kati ya mfupa na utando wa ubongo. Akifunguliwa mapema, mgonjwa wa namna hii huweza kurudi nyumbani akitembea. Akiachwa alale, huenda asiamke.

Somo jingine linahusu pombe. Majeruhi akifika hospitalini usiku akinuka pombe, ni rahisi kusema amelewa, aachwe apumzike. Mwanafunzi hukatazwa kabisa kuhitimisha hivyo. Mlevi naye ana fuvu, na ulevi hautakiwi kupewa lawama ya mtu kutojitambua mpaka jeraha la kichwa liwe limetafutwa. Wapo wakazi watakaolikumbuka hili kwa uchungu, kwa sababu hata nyumbani mambo huwa hivyo: mtu analetwa na wenzake, analazwa kwenye kochi, asubuhi haamki.

Jambo la mwisho katika kipande hiki ni yale ambayo daktari wa hospitali ndogo anaweza kuyafanya bila kisu: kuhakikisha njia ya hewa iko wazi, kumpa oksijeni, kuzuia presha ya damu isishuke, kukaza shingo isigeukegeuke, kuinua kichwa cha kitanda kadiri ya nyuzi 30, na kupiga simu ya rufaa mapema. Ubongo uliokwisha kuumia haustahimili kukosa hewa au damu hata kwa muda mfupi. Kwa mgonjwa wa Moiben, mambo hayo ndiyo yanayoamua iwapo atafika Eldoret akiwa bado na ubongo wa kuokolewa.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Chumba cha upasuaji ndicho wanachokisubiri wanafunzi kwa hamu, na ndicho kinachowashinda baadhi yao siku ya kwanza. Upasuaji wa uvimbe wa ubongo unaweza kuchukua saa nyingi. Mwanafunzi huambiwa ale na kunywa maji kabla ya kuingia, asiguse kitambaa chochote cha kijani au buluu, na akihisi kizunguzungu arudi nyuma akae chini. Kuanguka si aibu; kuangukia meza ya vyombo safi ni hatari kwa mgonjwa.

Mara nyingi atatazama tu. Akiruhusiwa kunawa na kuvaa glavu, atashika kifaa cha kunyonya damu, atakata uzi, au atashona ngozi huku daktari akimwangalia mkono kwa mkono. Kutoboa mfupa na kugusa ubongo ni kazi ya daktari bingwa na wale anaowafunza ubingwa.

Anachokiona kwanza ni ukaguzi. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limependekeza orodha ya maswali yanayoulizwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Huyu ni nani? Anafanyiwa nini? Upande gani? Kwa mgeni maswali haya huonekana ya kitoto. Mwaka 2018 Wakenya walisoma magazetini jinsi mgonjwa asiyehitaji upasuaji alivyofunguliwa kichwa katika hospitali moja kubwa nchini kwa sababu vitambulisho vya wagonjwa wawili vilichanganyika. Kitambaa chenye jina kilichofungwa mkononi mwa mgonjwa si mapambo, na jamaa asikiondoe hata kama kinabana. Amwite muuguzi.

Kuna swali ambalo jamaa huuliza baada ya upasuaji, na ambalo mwanafunzi lazima ajifunze kulijibu: mfupa uko wapi? Ubongo ukiwa umevimba sana, kipande cha fuvu huweza kuachwa nje kwa wiki au miezi ili upate nafasi. Kipande hicho huhifadhiwa kwenye friji maalumu, au chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, hadi siku ya kurudishwa. Hakijapotea wala hakijauzwa. Kwa wakati huo upande ule wa kichwa ni laini, na haupaswi kulaliwa wala kugongwa.

Si ajali peke yake

Mwanafunzi anayedhani wadi hii ni ya majeruhi tu hushangaa akifika kliniki. Hapo huletwa watoto ambao kichwa kinakua kupita kiasi kwa sababu ya maji. Mwili hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku na kuyanyonya tena. Njia ikiziba, hujaa. Kwa mtoto mchanga mifupa ya fuvu bado haijashikana, hivyo kichwa hupanuka. Dalili hii hugunduliwa kwa utepe wa kupimia wa fundi cherehani: kichwa hupimwa na kuandikwa, na kipimo kinachopanda haraka kuliko kawaida ndicho kengele. Mama ana haki ya kuomba kichwa cha mtoto kipimwe anapompeleka chanjo, na aombe kiandikwe katika kitabu cha afya ya mama na mtoto.

Tiba ya kawaida ni mrija mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huo huweza kuziba au kupata maambukizi, kwa hiyo mtoto aliyewekewa akianza kutapika, kusinzia ovyo au kupata homa, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Njia nyingine ilikomazwa ng'ambo ya Mlima Elgon tu, katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, ambako daktari Benjamin Warf alianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alitumia kamera ndogo kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasitegemee mrija maisha yao yote. Hospitali za nchi tajiri zilikuja kujifunza Mbale, jambo ambalo halitokei kila siku.

Baadhi ya watoto hao huwa wamezaliwa na mgongo wazi. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku kuanzia kabla ya mimba, hupunguza sana hatari hiyo. Kosa la kawaida ni kusubiri hadi kliniki ya kwanza ya wajawazito. Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya mwezi wa kwanza, wakati akina mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Hii pia ndiyo sababu sheria tangu 2012 inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe virutubisho. Unga wa kusaga posho mtaani hauna nyongeza hiyo.

Wazee nao wamo. Babu aliyejigonga mlangoni mwezi uliopita ameanza kusahau, anaburuta mguu, analala mchana. Nyumbani wanasema ni uzee au kiharusi, wengine wanasema amerogwa. Huenda damu imekuwa ikivuja polepole juu ya ubongo kwa wiki kadhaa. Tundu moja au mawili kwenye fuvu hutosha kuitoa, na si ajabu babu kuamka akiulizia ng'ombe wake. Wanafunzi hukipenda kisa cha namna hii, kwani ni vichache katika wadi ile vinavyogeuka haraka hivyo.

Vingine havigeuki. Wengi wa majeruhi ni vijana wa rika la wanafunzi wenyewe. Mwanafunzi atamhudumia kijana wa bodaboda kwa siku kumi, atamzoea mama yake, kisha asubuhi moja atakuta kitanda kitupu. Atakaa pembeni daktari akiieleza familia kwamba hakuna kinachoweza kufanyika tena, na atajifunza kwamba habari hiyo husemwa watu wakiwa wameketi, kwa lugha wanayoielewa, bila kujificha nyuma ya majina ya Kilatini. Wanafunzi hutoka kila pembe ya nchi na wengi hawajui Kinandi wala Kikeiyo. Jamaa anayeweza kutafsiri kwa uaminifu huwa msaada mkubwa. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 na ya kifo kwa asilimia 42. Sheria ya Trafiki inamtaka mhudumu awe na helmeti yake na ya abiria. Ile inayoning'inizwa kwenye usukani haihesabiki.

Haki ya mgonjwa

Mgonjwa, au jamaa anayemsimamia ikiwa hajitambui, anaweza kukataa kuchunguzwa na wanafunzi, na matibabu yake hayapaswi kuathirika kwa sababu hiyo. Anaweza pia kukubali kwa masharti: wawili badala ya kumi, au asifunuliwe mbele ya kundi. Mwanafunzi anatakiwa kujitambulisha kwa jina na kusema wazi kwamba yeye ni mwanafunzi. Asiposema, aulizwe. Hapaswi kumpiga mgonjwa picha kwa simu yake bila idhini. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Fomu ya idhini ya upasuaji haitiwi sahihi kabla ya daktari kueleza upasuaji wenyewe, hatari zake, na kitakachotokea usipofanywa. Malalamiko hupelekwa kwa msimamizi wa wadi au dawati la huduma kwa wateja la hospitali husika.

Wengi hukubali wakielezwa. Na wapo wanaofaidika, kwa kuwa mwanafunzi ndiye mara nyingi mwenye nafasi ya kuketi kitandani dakika ishirini, kusikiliza kisa tangu mwanzo, na kugundua kwamba mzee anatumia dawa za kuyeyusha damu ambazo hakuna aliyekuwa amezitaja.

Familia inayomkimbiza majeruhi wa kichwa hospitalini itaulizwa mambo yale yale ambayo mwanafunzi hufundishwa kuuliza, na ni vizuri kufika nayo tayari, hata yakiwa yameandikwa kwenye simu: ajali ilitokea saa ngapi, alizimia kwa muda gani, aliongea baadaye au la, ametapika mara ngapi, alipata kifafa au la, na anatumia dawa gani. Asipewe chakula wala kinywaji njiani. Asibebwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki ikiwa kuna njia nyingine yoyote, kwa sababu shingo nayo huenda imevunjika. Alazwe chali, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, na akitapika ageuzwe mzima mzima kwa upande. Katiba, Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, hivyo asicheleweshwe nyumbani watu wakitafuta pesa kwanza.